Kutoka Wenzi Wawili hadi Wazazi: Namna ya Kujipanga kwa Miezi ya Kwanza ya Mtoto

Wenzi wanaotarajia mtoto wao wa kwanza hujiandaa sana kwa siku ya kujifungua na hujiandaa kidogo mno kwa siku zinazoifuata. Hununua nguo, huchagua jina, hujifunza dalili za uchungu wa uzazi, na kila mmoja moyoni mwake huamini kwamba kwa kuwa wanapendana, mengine yatajipanga yenyewe. Kwa kawaida hayajipangi. Mwaka 1957 mwanasosholojia wa Marekani, E. E. LeMasters, alichapisha matokeo ya mahojiano aliyofanya na jozi 46 za wenzi waliokuwa wamepata mtoto wa kwanza, na asilimia 83 kati yao walieleza kwamba ujio wa mtoto huyo ulikuwa msukosuko mkubwa katika maisha yao. Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wa hao waliosukwasukwa walikuwa wamemtaka mtoto wao na waliihesabu ndoa yao kuwa nzuri. Tafiti za miongo iliyofuata, zikiwamo za mwanasaikolojia John Gottman, zilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya wenzi hupungukiwa na furaha ya ndoa katika miaka mitatu ya kwanza baada ya kuzaa, ilhali theluthi iliyobaki hubaki walipokuwa au huendelea vizuri zaidi.

Theluthi hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niandike mwongozo huu. Naamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa wazazi wapya haitokani na upungufu wa upendo, bali hutokana na kazi kubwa iliyoingia nyumbani bila mtu yeyote kukaa chini na kuigawa, na ikafanywa na mmoja bila mwingine kuiona. Kazi inaweza kuhesabiwa, kugawanywa na kuzungumzwa, na wenzi wanaoishughulikia hivyo hujiepusha na maumivu mengi.

Hesabu ya kufanya kabla mtoto hajazaliwa

Anzeni kwa kuielewa kazi yenyewe. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, mchana na usiku bila ubaguzi. Kila mara huenda akanyonya kwa dakika 20 au zaidi, kisha abebwe begani acheue, abadilishwe nepi, abembelezwe na kulazwa. Mzunguko mmoja unaweza kumaliza saa nzima. Zidisheni saa hiyo kwa mara 8 tu za chini kabisa, nanyi mtaona kwamba mtu mzima mmoja amekwisha kujaza siku ya kazi, na hapo bado hakujafuliwa nguo, hakujapikwa chakula, na mama aliyejifungua hajapumzisha mwili unaopona. Mtoto hulala kwa jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini hulala kwa vipande vifupi, na vipande hivyo havifuati usiku wa watu wazima kwa sababu saa ya ndani ya mwili wake bado haijakomaa.

Mkishaiona hesabu hiyo, kaeni na karatasi miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe ya matazamio na mwandike kila kazi ambayo itapaswa kufanywa katika siku moja ya kawaida, kuanzia kumnyonyesha mtoto hadi kulipa bili na kutupa taka. Msiandike majina bado. Zungumzeni kwanza jinsi kila mmoja wenu alivyolelewa: ni nani aliyekuwa akiamka usiku, nani aliyempeleka mtoto kwa daktari, nani aliyekuwa akiruhusiwa kuchoka. Watu wawili wanaweza kukubaliana kwa maneno kwamba watalea pamoja, na kumbe kila mmoja ana picha yake ya malezi aliyoibeba tangu utotoni bila kuikagua. Yule ambaye baba yake hakuwahi kushika nepi anaweza kudhani kwamba kubadilisha nepi mara moja kwa siku ni ukarimu, na mwenzake akaona ni dharau. Tofauti hizo ni rahisi kuzijadili wakati nyote mmelala usingizi wa kutosha, na ni ngumu sana saa nane za usiku.

Fedha na likizo pia zina nafasi katika mazungumzo hayo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 183 wa mwaka 2000 unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, lakini sheria za nchi moja hadi nyingine hutofautiana sana, hasa kuhusu likizo ya baba, kwa hiyo ulizeni mapema na mpate majibu ya maandishi kutoka kwa mwajiri. Kama baba anaweza kuzigawa siku zake za likizo, asizitumie zote katika wiki ya kwanza ambayo mara nyingi nyumba ina ndugu wengi wa kusaidia. Siku chache zibaki kwa ajili ya wiki ya tatu au ya nne, wasaidizi wanapokuwa wameondoka na uchovu umekwisha kujilimbikiza.

Usingizi utangulie mambo mengine yote

Ningeambiwa nitoe ushauri mmoja tu kwa wazazi wapya, ningesema kwamba walinde usingizi wa kila mmoja kabla ya kujaribu kurekebisha jambo jingine lolote. Mtu aliyekosa usingizi kwa siku nyingi mfululizo hukasirika upesi, hushindwa kusoma uso wa mwenzake, na hulichukua neno la kawaida kama shambulio. Wenzi wengi hudhani ndoa yao imeingia doa, kumbe wanachokosa ni saa nne au tano za kulala bila kukatizwa.

Njia inayowafaa wengi ni zamu za usiku. Mmoja ashike usiku kuanzia saa mbili hadi saa nane, mwingine achukue kuanzia saa nane hadi saa mbili asubuhi, na asiye zamu alale kweli, ikiwezekana katika chumba kingine au akiwa ameziba masikio. Mama anayenyonyesha hawezi kukabidhi titi, lakini anaweza kukabidhi kila kitu kinachozunguka kunyonyesha: mwenzake amchukue mtoto kitandani mwake, ambadilishe, amletee mama, kisha amchukue tena kumcheuza na kumbembeleza hadi alale, mama akiwa amekwisha kurudi usingizini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, na kunyonyesha kukishaimarika, jambo ambalo kwa wengi huwa baada ya takriban mwezi mmoja, maziwa yaliyokamuliwa yanaweza kumwezesha mzazi mwingine kulisha mara moja usiku. Wanaotumia maziwa ya kopo wana uhuru mkubwa zaidi wa kugawana zamu na hawana sababu ya kuuacha uhuru huo bila kuutumia.

Jambo moja la usalama lisisahauliwe kwa sababu ya uchovu. Mtoto alazwe chali kila mara, juu ya godoro gumu kiasi lisilo na mito wala mablanketi mazito, na mzazi anayesinzia asikae naye kwenye sofa, kwa kuwa kulala na mtoto mchanga kwenye sofa ni hatari kubwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Anayehisi kwamba kope zinamshinda amwamshe mwenzake, hata kama si zamu yake.

Kilio nacho kina ramani yake. Mtoto huanza kulia zaidi kuanzia karibu wiki ya pili, kilio hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne, na baadhi ya kilio hicho hakina sababu inayoweza kuondolewa. Kuifahamu ramani hiyo kunawaepusha wenzi na kosa la kulaumiana kwamba mmoja hajui kumbembeleza mtoto. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba yeyote anayehisi hasira ikipanda atamlaza mtoto chali mahali salama, atatoka chumbani kwa dakika chache, na atamwita mwenzake bila kuulizwa maswali ya kumshutumu. Mtoto hatikiswi kamwe, hata kwa sekunde chache, kwa sababu kutikiswa kunaweza kumjeruhi ubongo na kumuua. Na kwa kuwa usiku hukuza kila jambo, jiwekeeni kanuni kwamba kati ya saa nne za usiku na alfajiri hakuna lawama inayojadiliwa wala uamuzi mkubwa unaofanywa. Mambo hayo yasubiri jua.

Kukabidhiana kazi nzima

Hapa ndipo wenzi wengi wenye nia njema hukwama. Baba humwambia mama, "Niambie tu unachotaka nifanye," akiamini kwamba ametoa kila alichonacho, na mama hukasirika bila kuweza kueleza sababu. Sababu ni kwamba kila kazi ya malezi ina sehemu ambayo haionekani. Chukueni mfano wa chanjo. Kumbeba mtoto hadi kliniki ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Kabla yake kuna mtu aliyekumbuka tarehe, akaitafuta kadi ya kliniki, akapanga saa ya kutoka ili isigongane na saa ya kunyonya, akafungasha nepi na nguo za akiba, na baada yake kuna mtu atakayeangalia kama mtoto amepata homa usiku. Baba anayebeba mtoto hadi kliniki baada ya kukumbushwa, kutayarishiwa mkoba na kuelekezwa njia amefanya sehemu tu ya kazi, na fikra yote imebaki kichwani mwa mama.

Kwa hiyo, mnapogawana, gawaneni kazi pamoja na kuiwazia kwake. Rudini kwenye karatasi ile ya kabla ya kujifungua, na kila kazi ipewe mwenyewe mmoja ambaye ataikumbuka, ataipanga na kuitekeleza bila kusukumwa. Anayeshika chanjo ashike chanjo zote na kadi ikae kwake. Anayeshika nguo za mtoto ajue mwenyewe kwamba zimeanza kubana na kwamba za ukubwa unaofuata zinahitajika wiki ijayo. Anayeshika kuoga ndiye anayejua kama sabuni inakaribia kwisha. Mgawanyo si lazima uwe nusu kwa nusu kila siku, kwa kuwa kuna wiki ambazo mmoja ni mgonjwa au amebanwa kazini, lakini ni lazima uwe mgawanyo ambao nyote wawili mngeuona wa haki hata kama mngebadilishana nafasi. Baada ya wiki mbili uangalieni tena, kwani mtoto wa wiki sita ana mahitaji tofauti na mtoto wa wiki mbili.

Anayekabidhi kazi naye ana wajibu, na wajibu huo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Mama ambaye amekaa na mtoto mchana kutwa hujifunza haraka namna ya kumshika, kumfunika na kumtuliza, na anapomwona mwenzake akifanya polepole au kwa namna nyingine hujikuta akimnyang'anya au akimsahihisha kila hatua. Baba aliyesahihishwa mara nyingi hurudi nyuma, na akirudi nyuma hapati mazoezi, na asipopata mazoezi mama huthibitisha kwamba hawezi. Mduara huo unaweza kuendelea kwa miaka. Dawa yake ni kumwachia nafasi ya kweli: mama atoke chumbani, au atoke nyumbani kwa saa moja, na asirudi kukagua. Isipokuwa kama kuna jambo la hatari, nepi iliyofungwa upande na nguo zisizooana havihitaji maoni.

Tena, uwezo wa kulea hukua kwa kulea, kwa mama na kwa baba pia. Utafiti uliofanyika Cebu nchini Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanaume vijana kabla na baada ya kuwa baba, ukaonyesha kwamba kiwango chao cha testosteroni, yaani homoni kuu ya kiume, kilishuka walipopata watoto, na kwamba waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa na kiwango cha chini zaidi kuliko wasiomhudumia. Mwili wa mwanamume, kwa maneno mengine, nao hujirekebisha kuelekea ulezi anapopewa nafasi ya kuufanya. Wazazi walioasili mtoto nao hujifunza kwa njia hiyo hiyo ya kumshika, kumlisha na kumtuliza siku baada ya siku.

Haki inadai pia kuutazama upande wa pili. Mzazi anayetoka kwenda kazini huondoka na usingizi machoni, hubeba hofu ya mapato ambayo sasa yanapaswa kutosha watu watatu, na hurudi nyumbani kukabidhiwa mtoto mlangoni kabla hajavua viatu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika miezi ya kwanza ya malezi maneno hayo huonekana kila jioni: aliyeshinda nyumbani huona mwenzake alikaa kitini akizungumza na watu wazima, na aliyeshinda kazini huona mwenzake alikuwa amelala na mtoto. Mashindano ya nani amechoka zaidi hayana mshindi. Badala yake, kila mmoja amuulize mwingine ni jambo gani lililokuwa zito siku hiyo, asikilize hadi mwisho, na asijibu kwa kutaja lake kabla ya kuonyesha kwamba amelielewa lile aliloambiwa. Mzazi anayerudi apewe dakika 15 za kubadilisha nguo na kuvuta pumzi, kisha apokee zamu kwa ukamilifu ili mwenzake naye apate saa ambayo hakuna mtu anayemgusa wala kumwita.

Kikao cha kila wiki na namna ya kulalamika

Chagueni siku na saa ambayo itakuwa yenu kila wiki, na kikao kisizidi dakika 20 au 30, kwa sababu watu waliochoka hawawezi mkutano mrefu. Kianze kwa kila mmoja kumshukuru mwenzake kwa jambo mahususi alilolifanya wiki hiyo. Shukrani ya jumla hupita bila kuacha alama, lakini mtu akiambiwa kwamba Jumanne aliamka kabla hajaombwa na kumwezesha mwenzake kulala hadi kukuche, anajua kwamba ameonekana. Kisha kila mmoja alete tatizo moja tu. Mwishowe mkubaliane ni nini kitabadilika hadi kikao kijacho, na nani atakibadilisha.

Namna ya kulileta tatizo ndiyo huamua kama litasikika. Mtu akimwambia mwenzake, "Wewe hujali, huwa unalala tu," amemhukumu tabia yake yote, na aliyehukumiwa atajitetea badala ya kufikiri. Akisema, "Jana usiku niliamka mara tatu peke yangu, nimechoka na nilijihisi mpweke, naomba leo uishike zamu ya kwanza," ametaja tukio, hali yake na ombi ambalo linaweza kujibiwa kwa vitendo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini katika nyumba yenye watu waliokesha ndiyo inayotenganisha mazungumzo na ugomvi. Anayeona sauti yake imeanza kupanda aombe mapumziko ya nusu saa, na aseme waziwazi kwamba atarudi kuyamalizia mazungumzo, ili mwenzake asibaki akidhani ameachwa.

Nje ya kikao hicho, tafuteni dakika kumi kila siku ambazo mtoto si mada. Wenzi wanaweza kumaliza mwezi mzima wakizungumza kuhusu maziwa, choo na homa, kisha siku moja wakatazamana wakakosa la kusema. Swali lolote ambalo mlikuwa mkiulizana kabla ya ujauzito linafaa, hata likiwa dogo.

Mwili na unyumba

Mwili wa mama hupona kwa ratiba yake. Damu ya baada ya kujifungua inaweza kuendelea kwa wiki 4 hadi 6, kidonda cha upasuaji au cha kuchanika kinahitaji muda, na wahudumu wengi wa afya hushauri kusubiri hadi damu ikome na vidonda vipone, mara nyingi hadi uchunguzi wa wiki ya 6, kabla ya kurejea tendo la ndoa. Hata baada ya hapo hamu inaweza kukawia, na kwa mama anayenyonyesha kuna sababu ya kimwili: homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, iko juu na ile ya kike ya estrojeni iko chini, hali inayosababisha ukavu ukeni na maumivu. Vilainishi vya maji husaidia, na maumivu yanayodumu yanastahili kupelekwa kwa daktari badala ya kuvumiliwa kimya. Mwenzi anayesubiri asiuchukue ukimya wa mwili huo kama kukataliwa, na mama naye asiache suala hilo lijifiche ndani ya visingizio. Ni afadhali aseme, "Bado sijawa tayari, lakini ninapenda ukinikumbatia," kuliko kuukwepa kila mguso akihofia utaishia mahali asipotaka. Mguso usiodai chochote ndio unaoweka mlango wazi.

Uzazi wa mpango ujadiliwe kabla ya kurejea unyumba, kwa sababu yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, na kwa mama asiyenyonyesha hilo linaweza kutokea kabla ya wiki ya 6. Kunyonyesha huzuia mimba kwa takriban asilimia 98, lakini ni pale tu ambapo mtoto ana umri wa chini ya miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Sharti moja likikosekana, kinga hiyo haitegemewi. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na muda huo unaupa pia uhusiano nafasi ya kutulia.

Huzuni inapokuwa zaidi ya uchovu

Baada ya kondo la nyuma kutoka, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka kwa kasi, na mama wengi kati ya siku ya tatu na ya tano hujikuta wakilia bila kujua sababu, wakikasirika na kuona hawawezi. Hali hiyo ni ya kawaida na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Isipoisha, au ikianza baadaye na kudumu, inaweza kuwa sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, ambayo ni ugonjwa wenye tiba. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Dalili zake ni pamoja na kukosa furaha katika kila jambo, kushindwa kulala hata mtoto anapolala, hofu isiyoisha, kujiona mama mbaya, au kutohisi chochote kwa mtoto. Baba naye hasalimiki: tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya kumi hupata sonona katika kipindi hiki, na kwake mara nyingi hujitokeza kama hasira, ulevi, au kukaa kazini kupita kiasi.

Mwenzi ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuiona hali hiyo, na namna anavyoianza ina uzito. Amwambie mwenzake alichokiona kwa upole, bila kumpa jina la ugonjwa: "Naona wiki hizi hulali hata mtoto akilala, na unasema hufai. Nakuomba twende pamoja tukamwone mkunga." Katika kliniki nyingi kuna dodoso la Edinburgh, lenye maswali 10 na lililochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, ambalo mama hulijibu kwa dakika chache na ambalo humsaidia mhudumu kuamua kama uchunguzi zaidi unahitajika. Waende pamoja, kwa kuwa mtu mwenye sonona mara nyingi hujibu kwamba yuko salama. Mama akianza kusikia sauti zisizokuwapo, kuamini mambo yasiyo na ukweli, kukesha siku kadhaa bila kuchoka au kuzungumza kuhusu kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura ya kitabibu. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake wala na mtoto peke yao.

Kuhusu ndugu na wageni nitasema machache. Kila mmoja azungumze na upande wake: mume awaeleze wazazi wake mipaka ya nyumba, na mke awaeleze wa kwake, kwa sababu ombi lile lile likitoka kwa mkwe huonekana kama kufukuzwa. Msaada upokewe kwa kutajwa waziwazi, kwa kuwa mgeni anayeuliza kama kuna la kufanya mara nyingi angefurahi kuambiwa aoshe vyombo. Na ukali, vitisho au kipigo si sehemu ya marekebisho ya uzazi. Anayekutana navyo atafute kwanza usalama wake na wa mtoto, kisha atafute ushauri, na asitumie mwongozo huu kama sababu ya kuvumilia.

Kurudi kazini

Mpango uliofanya kazi katika miezi mitatu ya kwanza huvunjika siku ambayo likizo ya mama inakwisha, na wenzi wengi hurudia ugomvi waliokuwa wameumaliza kwa sababu wanaendelea na mgawanyo wa zamani katika maisha mapya. Mama aliyekuwa ameshika kazi nyingi za mchana kwa kuwa alikuwepo nyumbani hujikuta akizishika zile zile pamoja na za ofisini. Wiki tatu kabla ya tarehe hiyo, chukueni karatasi tupu na mwandike orodha upya, mkianza na maswali ya asubuhi: nani atamwamsha mtoto, nani atamfikisha kwa mlezi, nani ataacha kazi mlezi akiugua, na nani atapigiwa simu kwanza mtoto akipata homa. Kisha fanyeni jaribio la siku moja nzima, saa zile zile na safari ile ile, mama akiwa bado hajaanza kazi, na jioni yake mrekebishe kila mahali ambapo mmoja wenu alilazimika kukimbia.